Kwa vijana wetu mlioacha wajawazito mlimani

Wanangu mlioko Dar, Arusha na Mirerani,

Desemba mnapanda mlimani, mnachinja, mnakunywa mbege, Januari mnashuka. Septemba sisi wakunga hatulali. Silalamiki, mtoto ni heri. Tatizo ni kwamba mnashuka na ruhusa mfukoni.

Uchungu ukianza usiku, mama zenu wanasema tumpigie kwanza mwenye mke. Hupatikani. Anapigiwa kaka yako, naye anasema tusubiri kupambazuke. Wakati huo mtoto ameshatoka, kondo la nyuma bado, kanga ya kwanza imelowa na ya pili inadondosha sakafuni. Nimefanya ukunga mpaka nikastaafu, hakuna kilichonitisha kama damu ile. Mama anayevuja hivyo anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Sindano ya kukaza kizazi ipo, ila lazima afikishwe iliko.

Basi pigeni simu nyumbani, mke na mama yako wakisikiliza wote: dalili ikionekana, msinisubiri. Mama asikie kwa masikio yake, maana mke akisema peke yake ataambiwa ana haraka. Kichwa kinachouma bila kuacha, na macho yanaona maluweluwe, hapo si pa kumeza Panadol akalala. Huenda ni presha, na kifafa cha mimba kinafuata.

Namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na waliojifungua, ni 115, bure. Wanatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana wanamtuma dereva wa jirani waliyemsajili, ambaye mgonjwa hamlipi. Kumpakia mama anayevuja damu kwenye bodaboda, kwa makorongo haya ya Kibosho wakati wa masika, sitaki hata kusikia.

Hela ya dharura ikae kwenye simu ya mke, si ya kaka yako. Kaka yako namfahamu.

Najua mtaniambia mambo yamebadilika. Kweli, vifo vya uzazi nchini vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na ule wa 2022 ukakuta 104. Hao waliobaki bado tunawazika migombani.

Mkija, piteni Kituo cha Damu Salama hapa Moshi mchangie. Mwanaume mwenye afya anaweza kila baada ya miezi 3, na hospitali za Mawenzi au KCMC hazina damu ya kumwongezea mkeo isipokuwa iliyochangwa na mtu.

Mtori tutapika sisi. Ambaye mkewe ameingia mwezi wa saba asingoje jioni, apige sasa hivi.

Mama yenu, mkunga mstaafu,
Kibosho, Moshi