Barua ya malalamiko: risasi za loti mbili nilizouziwa kama loti moja

Kisauni, Mombasa
4 Machi 2025

Kwa Meneja,
Duka la Silaha na Vifaa vya Shabaha,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: RISASI 500 ZA .22 NILIZONUNUA TAREHE 10 FEBRUARI

Nimekuwa mteja wenu kwa miaka sita na sijawahi kuwaandikia kulalamika. Tarehe 10 Februari nilinunua kwenu pakiti 10 za risasi ndogo za bunduki za .22 Long Rifle (kipenyo cha inchi 0.22 hivi), kila pakiti risasi 50. Niliomba mambo mawili tu, na nikayarudia mbele ya kijana wenu wa kaunta: ziwe za kasi ya kawaida, na zote ziwe za loti moja, yaani zilizotengenezwa kiwandani kwa mkupuo mmoja. Akanijibu, "Zote ni moja, mzee, usiwe na shaka." Nikalipa, ununuzi ukaandikwa kwenye cheti changu cha silaha, nikaenda zangu.

Kumbe hazikuwa moja. Jina ni lile lile, rangi ya pakiti ni ile ile, lakini nambari ndogo iliyopigwa muhuri kwenye kifuniko ni tofauti: pakiti sita ni za loti moja na nne ni za nyingine. Nambari hiyo sikuitazama dukani kwa sababu niliamini neno la mwuzaji. Niliiona baada ya asubuhi nzima kuniharibikia uwanjani.

Mimi hulenga bamba la chuma la kipenyo cha sentimita 15 kutoka mita 200. Kwenye Olimpiki bunduki ya .22 hupigwa mita 50, kwa hiyo huu ni umbali mara nne ya ule. Risasi yenyewe ni ndogo, ina uzito wa gramu 2.6 hivi, na inatoka mtutuni polepole kuliko sauti. Ukiwa umerekebisha darubini kwa mita 50, ikifika mita 200 imeshaanguka kama mita moja na nusu. Kuanguka huko kunahesabika, na ndiyo raha ya mchezo wenyewe: unapiga hesabu, unazungusha darubini, unavuta pumzi, unasubiri mlio wa chuma. Lakini hesabu inasimama juu ya jambo moja, kwamba risasi ya pili itatoka na kasi ya ile ya kwanza.

Siku hiyo risasi 20 za mwanzo ziligonga bamba vizuri. Nilipofungua pakiti ya pili, zote zikapita juu. Nikashusha shabaha, zikagonga. Nikarudi kwenye pakiti ya kwanza, zikachimba mchanga chini ya bamba. Nilijilaumu, nikakagua skrubu za darubini, nikabadilisha mkao. Wiki iliyofuata nikaazima kronografu ya kupimia kasi. Loti ya kwanza ilitoka kwa wastani wa mita 322 kwa sekunde, ya pili mita 333. Kwa mtu anayepiga mita 25 hiyo si kitu. Kwa mita 200 ni zaidi ya sentimita 10 za juu na chini, na bamba langu lina sentimita saba na nusu tu kutoka katikati hadi ukingoni.

Nilipokuja dukani na karatasi ya vipimo, kijana wenu hakuisoma. Alisema ni upepo wa kaskazi, na kwamba risasi ni risasi. Bwana Meneja, mimi nimezaliwa pwani. Nilipima alfajiri, matlai haujaanza kuvuma, bendera ya uwanjani imelala kwenye mlingoti. Na hata ungevuma, upepo wa ubavuni huipeleka risasi hii kushoto au kulia, tena kwa mita 200 huweza kuisogeza zaidi ya sentimita 30. Matundu ya risasi zangu kwenye karatasi ya shabaha yamepangana juu na chini, makundi mawili, kila loti na lake. Upepo gani huo unaojua kusoma nambari za pakiti?

Yeye ni kijana, atajifunza, na sitaki afukuzwe kazi kwa ajili yangu. Ila neno hilo la "risasi ni risasi" limeniuma. Anayepiga bunduki kubwa akipata risasi mbaya anaweza kujaza maganda yake mwenyewe na kupima baruti kwa mkono wake. Ya .22 haina njia hiyo. Fataki yake, yaani kiwashio cha baruti, imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, ukingo unapondwa na pini, na ganda limekwisha kazi. Nikipewa kibaya sina cha kurekebisha nyumbani. Ndiyo maana walengaji wakubwa hupeleka bunduki zao hadi kiwanda cha risasi cha Lapua kule Schönebeck, Ujerumani, zijaribiwe kwa loti moja moja, kisha wanunue ile tu iliyopatana na mtutu wao.

Kuna jambo jingine nililoliona siku niliyokuja dukani. Risasi hizi mnazipanga kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana. Risasi ya .22 imepakwa mafuta mazito kwa nje, na kwa joto la Februari mafuta hayo huyeyuka. Katika pakiti mbili nilizikuta zimenata, upande mmoja una mafuta tele na upande wa pili umekauka. Kabati la ndani, lenye kivuli, lingetosha.

Hasara yangu haikuishia kwenye pesa. Cheti changu kinataja idadi ya risasi ninazoruhusiwa kuwa nazo kwa wakati mmoja, na hizi zimeijaza. Siwezi kununua nyingine, kwenu wala kwingine, hadi hizi ziondoke. Nimekaa mwezi karibu mzima na bunduki nzuri isiyo na kazi.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia akipata hasara. Ninaomba mzipokee pakiti nane ambazo hazijafunguliwa, mnibadilishie kwa nane za loti moja ambayo nitaithibitisha kwa macho yangu kabla ya kulipa chochote, na mnirudishie pesa za pakiti mbili nilizofungua. Ninaomba pia daftari lenu na cheti changu virekebishwe siku hiyo hiyo, ili pasiwe na risasi hata moja isiyo na maelezo.

Nitafika dukani Jumanne, tarehe 18 Machi, baada ya swala ya adhuhuri, kabla hamjafunga kwenda kufuturu. Nitakuja na cheti, risiti, vifuniko vya pakiti zote mbili nilizofungua na karatasi ya vipimo. Ningependa safari hii tuisome pamoja, mimi na wewe mwenyewe.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu wa Kisauni