Nobu za TB-303: barua kwa mpiga besi mwenzangu

Kaka yangu,

Salamu nyingi kwa shemeji na watoto. Rekodi uliyonitumia nimeisikiliza. Noti zimekaa vizuri, na anayekujua anatambua humo mkono wa mpiga gitaa la besi. Ila sauti yenyewe haitembei, na nadhani sababu ni kwamba unazishika nobu, vile vishikio vya kuzungusha, moja moja, kana kwamba kila moja ina kazi yake peke yake. Kwenye TB-303, ile mashine ya kielektroniki ya kupiga besi, na kwenye nakala yake hiyo uliyonunua, zinategemeana.

Kampuni ya Roland waliitoa mashine hii mwaka 1981 ili impigie besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi bila wenzake. Kazi hiyo haikuiweza, maana haikufanana na besi ya nyuzi, na kufikia 1984 ikaacha kutengenezwa. Vijana wa kundi la Phuture kule Chicago waliinunua ikiwa imetumika, wakaziacha noti zijirudie huku wao wakizungusha nobu. Rekodi yao ya 1987 ndiyo iliyoipa acid house, aina ya muziki wa dansi wa kielektroniki, sauti yake. Ndiyo maana nakusihi usihangaike kwanza na kuongeza noti.

Osileta, yaani sehemu inayozalisha sauti ghafi, ni moja tu, yenye wimbi la umbo la msumeno au la mraba. Chagua msumeno uendelee, kwani utamu wote uko kwenye filta, kichujio cha sauti. Katofu huamua masafa ya juu yakatwe kuanzia wapi: kushoto unabaki na mvumo, kulia makali yanarudi. Resonansi huyainua masafa yaliyo pale pale kwenye mpaka wa kukata. Ukiizidisha, sauti inaanza kulia na uzito wa chini unapungua. Kule kukonda kwa sauti ulikokulalamikia kunatoka hapo, si kwenye spika zako.

Kisha kuna ENV MOD. Kila noti inapopigwa, volti hupanda ghafla na kushuka taratibu, ikiifungua filta na kuiachia ijifunge. ENV MOD husema ifunguke kiasi gani, na dikei husema ichukue muda gani kujifunga, kuanzia takriban milisekunde 200 hadi sekunde mbili. ENV MOD ikiwa chini kabisa, unaweza kuizungusha dikei jioni nzima usisikie tofauti ya maana.

Sasa aksenti, yaani mkazo unaowekewa noti uliyoichagua, ambayo kwenye rekodi yako hukuigusa kabisa. Wengi hudhani inaongeza ukubwa wa sauti tu. Kweli inaongeza, lakini noti yenye aksenti pia hulazimishwa kutumia dikei fupi kabisa, hata kama nobu ya dikei umeiweka ndefu, na filta husukumwa juu zaidi ya kawaida. Msukumo huo hupitia kwenye nobu ya resonansi, kwa hiyo ukiigusa resonansi umeigusa na aksenti. Tena, aksenti zikifuatana, kapasita ndani, kijisehemu kinachohifadhi umeme, haipati muda wa kuisha chaji, na kila noti inapanda juu kuliko iliyotangulia. Mimi naona huo ndio moyo wa mashine hii, na ndiyo sababu programu nyingi za kuiiga hazinishawishi.

Slaidi wewe utaielewa haraka: ni kama kuteleza kidole kwenye uzi bila kuudonoa tena. Filta nayo haianzi upya, inaendelea kujifunga kuanzia ilipofikia.

Fanya hivi. Andika hatua 16 za noti ileile moja. Weka aksenti tatu mfululizo, na slaidi mbili mahali pengine. Resonansi ivuke nusu, ENV MOD nusu, nobu ya aksenti juu kabisa. Halafu izungushe katofu polepole mno, usiguse kingine chochote mpaka umesikia zile aksenti tatu zikipandiana. Ukishazisikia, ishushe resonansi uone zinavyolegea.

Nirekodie hiyo, hata kama haina ngoma chini yake.

Wako,
mpiga besi mwenzako