Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi: manowari zikija mazoezini, mvuvi naye aambiwe

Mheshimiwa Waziri, assalamu alaykum.

Mie ni mtoto wa mvuvi na ndugu wa wavuvi, kwetu Kojani, Pemba. Nakuandikia hapa hadharani mana jambo lenyewe ni la watu wengi na barua ya karatasi nilishaipeleka mahali, mpaka leo kimya.

Juzi kaka yangu kanionesha kwenye simu video ya mazoezi ya kudungua makombora huko Scotland, yanaitwa Formidable Shield, hufanywa kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2023 zilikusanyika nchi 13, meli zaidi ya 20 na wanajeshi karibu 4,000. Kombora linarushwa makusudi lijifanye la adui alafu meli nyengine inalifata kulipiga, na mwaka 2015 eneo hilohilo la visiwa vya Hebrides meli ya Marekani USS Ross ililipiga moja huko juu kabisa, nje ya anga. Watu walokuwepo barazani walishangaa moto na moshi. Mie nilishikwa na kitu chengine, nilivoona vile visiwa, vidogo, upepo mtupu, watu wana lugha yao na wanaishi kwa bahari kama sie, nikajiuliza hawa wavuvi wa kule siku ya zoezi wanakuwa wapi?

Nimefatilia. Kule walinzi wa pwani wanasoma redioni, manowari na nyambizi zitafanya mazoezi wapi na wapi patapigwa mizinga, wao wanaziita Subfacts na Gunfacts, mvuvi anasikiliza kabla hajatupa nyavu. Na haukuanza kwa hisani tu huo utaratibu wa nyambizi. Tarehe 22 Novemba 1990 nyambizi ya Uingereza HMS Trenchant ilikuwa mazoezini huko magharibi ya Scotland, ikanasa nyavu za boti ya uvuvi Antares ikaizamisha, wavuvi wanne wote wakafa. Baada ya msiba ule ndo matangazo yakapangwa.

Mheshimiwa, niliposoma habari ya nyavu kunaswa mwili ulinisisimka, mana najua jarife, ule wavu mkubwa, likiwa chini mvuvi anakuwa kafungwa, hawezi kuondoka kama mtu anavoinuka kwenye kiti.

Kaka yangu huyuhuyu yalimkuta. Walikuwa dago, yani kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, watu sita kwenye mashua, jarife wameshalitupa, wanangoja kupambazuke wavute. Alfajiri ikatokea meli ya kijivu ya vita, nchi sitaitaja mana shida yangu haiko kwa nchi. Wakasemeshwa kwa kipaza sauti kwa kiingereza, hamna alofahamu hata neno. Mara kikaja kiboti cha mbio kinazunguka, mtu anawapungia mkono waondoke, na wao wanamuonesha maboya, yani subiri tuna nyavu, na yeye anazidi kupunga. Nahodha akaamua wakate. Kaka ndo aloshika kisu, anasema kamba ilikuwa imekaza kwa mkondo, ilivokatika iliruka kama inapigwa na mtu. Jarife la shilingi laki tisa, la mkopo, likabaki palepale na samaki wake.

Huku nyumbani sie tulisikia vishindo mbali, viwili alafu chengine. Simu zao hazipatikani. Mama alikaa mlangoni na tasbihi yake kutoka asubuhi, chakula hakugusa, kila anaepita anakuja na lake, mmoja anasema vita, mwengine anasema meli imeripuka. Mashua ilingia wakati wa magharibi. Mama hakusema kitu, alimshika kaka usoni kwa mikono miwili tu, akaingia ndani kusali.

Sasa meli hizi zitazidi kuja. Mwaka 2024 China walikuja kufanya mazoezi na jeshi letu na Msumbiji, wakaja na manowari mpaka Dar es Salaam. Aprili 2025 ikawa India, nchi nyingi kwa pamoja, hapohapo Dar, na meli yao INS Chennai inabeba makombora ya Barak 8 ya kudungua ndege na makombora. Mie sipingi. Walinzi wa bahari tunawataka, maharamia tuliwaona walivosumbua na tangu mwisho wa 2023 Bahari ya Shamu meli za biashara zimerushiwa makombora, na vijana wetu wa Pemba wamo mle wanafanya kazi ya ubaharia. Jeshi lijifunze. Lakini anapojifunza yeye nani anamwambia mvuvi?

Onyo rasmi za baharini sehemu yetu hii zinaratibiwa India, zinatoka kwa kiingereza, zinapokelewa na mashine za meli kubwa. Mashua ya Kojani ina taa ya betri na simu ya kitochi.

Na usiniambie haiwezekani kuwafikia, mana Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza na kutangaza tena, redio, magrupu ya whatsapp, mpaka msikitini tulitangaziwa, boti za abiria zikasimama na mashua zikapandishwa juu. Njia ipo. Hiyohiyo itumike.

Wazee wetu Unguja wanakumbuka ile stesheni ya Wamarekani pale Tunguu, ilowekwa kuanzia 1960 kufatilia vyombo vya anga vya Mercury, safari zao za mwanzo za kupeleka watu angani. Watu wakaamini ni kambi ya makombora, maandamano yakafanywa, mpaka 1964 ikaondoshwa. Ilikuwa mitambo ya mawasiliano tu. Mtu asipoambiwa atajaza mwenyewe, na sie siku ile ya vishindo tulijaza vita.

Ulinzi ni jambo la Muungano nalijua hilo, lakini wavuvi ni wako wewe Mheshimiwa. Kaa na wenzako wa Wizara ya Ulinzi mkubaliane, kabla ya zoezi lolote la kupiga silaha baharini, la kwetu au la wageni, taarifa itoke siku saba mbele kwa kiswahili, iseme majina ya miamba na mikondo tunayoijua wenyewe, sio nambari za ramani peke yake. Isomwe ZBC na Redio Jamii Micheweni, ifike kwa sheha na bwana diko, msimamizi wa pale wavuvi wanaposhusha samaki. Kwenye kile kiboti cha mbio awemo mtu mmoja anaejua kiswahili. Na mvuvi alolazimishwa kukata jarife pawe na pahala pa kwenda kudai akasikilizwa.

Kaka bado analipa lile deni. Kusi ikitulia wanarudi dago, nahodha yuleyule, na kila nikimuuliza watajuaje kama siku hiyo bahari ina zoezi ananambia tutaona hukohuko.