Barua kwa mwanangu: simu yako sitaichukua

Mwanangu mpenzi,

Simu yako sitaichukua. Naanza na hilo kwa sababu maneno aliyoyasema baba yako mdogo Jumapili, kwamba vijana wa intaneti dawa yao ni kunyang'anywa simu, yalikuchoma, nikakuona ukiingia chumbani na chakula chako kikapoa mezani. Nakuandikia badala ya kukuita sebuleni kwa kuwa kwenye maandishi unapata nafasi ya kupumua kabla ya kujibu.

Dada yako ameniambia kwamba kwenye kundi lenu la WhatsApp wewe ndiye unayewaelewesha wenzako kemia. Wanakuuliza usiku, unawajibu kwa utaratibu, hata utani unatia. Wewe huyo huyo ukipanda daladala unashindwa kumwambia konda "Bima, kushuka" kwenye kituo chetu, unapitilizwa mpaka Segerea, kisha unarudi Tabata kwa miguu juani. Majirani wanasema unaringa. Hawajui moyo wako unavyokwenda mbio ukikaribia kile kijiwe cha bodaboda.

Hali hii, hofu ya kuwa mbele za watu, inajulikana na inatibika. Wataalamu wa Marekani waliiingiza kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980, na mara nyingi huanza katika umri wa ujana, kama ilivyokuanza wewe. Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza jinsi inavyojiendesha, na nilipoyasoma maelezo yao nilikuona wewe kabisa. Mwenye hofu hii akiwa mbele za watu huanza kujitazama mwenyewe. Anasikiliza sauti yake inavyotetemeka, anahisi viganja vinavyotoka jasho, kisha anaamini kwamba kila mtu anayaona hayo. Akili yote ikishaishia huko, hapati kugundua kwamba konda anawaza chenji tu. Halafu anajikinga: anainamisha uso, anaipanga sentensi kichwani mara nyingi, mwisho ananyamaza. Aibu aliyoiogopa isipotokea, anadhani kinga ndiyo iliyomwokoa, na hofu inabaki palepale.

Ndiyo maana intaneti inakupa nafuu, na ndiyo maana inanitia wasiwasi. Huko hakuna anayekukodolea macho, na una muda wa kufuta na kuandika upya. Lakini nimekuona umeishikilia sentensi moja muda mrefu, ukishaituma unachungulia kila mara kama tiki zimekuwa za bluu. Kinga ni ile ile, imehamia kwenye simu. Na kila unapomtuma mdogo wako dukani kwa Mangi ili usiongee na mtu, unapata ahueni pale pale, na ahueni hiyo ndiyo inayoufundisha mwili wako kwamba dukani palikuwa na hatari kweli.

Sasa sikia walichofanya Sweden. Mwaka 2006 Gerhard Andersson na wenzake walichapisha matokeo ya tiba ya hofu hii kwa njia ya intaneti. Kwa wiki 9 wagonjwa walisoma masomo wakiwa nyumbani na kuandikiana na mtaalamu. Ndani ya muda huo walikutana pia ana kwa ana mara mbili, wakafanya mazoezi ya mambo yale yale wanayoyaogopa. Walipata nafuu zaidi kuliko wenzao waliokuwa bado wanasubiri zamu ya tiba. Mimi hapo ndipo ninapotia mkazo: waliitumia intaneti kuwafikia watu, hawakuishia humo.

Wewe tayari una watu wa kuwafikia. Yule mwenzenu wa Buguruni anayekuuliza maswali ya kemia kila siku, mwandikie mkutane Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, saa moja tu, na kitabu mezani. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Mwangalie yeye, sikiliza swali lake. Kwenye kundi jaribu kutuma sauti mara moja bila kuirudia kurekodi. Vitu vidogo hivyo, tena vilivyo karibu na kile unachokiweza.

Ukiona havitoshi, hospitali ya Muhimbili wana kitengo cha magonjwa ya akili, na nitakusindikiza. Dirishani nitaongea mimi siku ya kwanza. Kwa daktari, kama maneno hayatoki, unaweza kuandika kwenye simu ukampa asome.

Jumamosi nakwenda Kariakoo kutafuta vitambaa vya mapazia. Ningependa twende wote, na duka la kwanza uulize bei wewe, mimi nitasimama pembeni. Nijibu kwa ujumbe, hata ukiwa humo chumbani.

Mama yako