Mama Neema, usisubiri

Shoga yangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Pole sana, na mpe pole mwanao Baraka. Ulivyosema mboni imekuwa nyeupe katikati tangu achomwe na kile kijiti nikakumbuka ya kwangu, mwanangu alipigwa jiwe la manati, tukaenda zahanati moja wakatupa dawa ya matone wakasema itaisha yenyewe, tukakaa miezi minne tunatia tu. Hiyo miezi minne inaniuma mpaka leo.

Huo ni mtoto wa jicho, lenzi ya ndani imeumia ikavuta maji ikageuka nyeupe kama maziwa. Hakuna matone ya kuutoa, wala maji ya majani, tafadhali mwambie bibi asimtie kitu. Njoo naye hospitali ya KCMC huku Moshi, kitengo cha macho, waangalie kwanza kama jicho halikutoboka, maana likitoboka hilo linashonwa haraka kabla ya mengine yote.

Kuhusu oparesheni ya kumwekea lenzi ya bandia naelewa unavyoogopa, hata mimi nililia. Ila ni kidude cha plastiki kidogo tu, wanatoa ile iliyoharibika wanaiweka palepale, mtoto kalala kwa nusukaputi hasikii kitu. Na wazo lenyewe lilitokana na watu walioumia macho, marubani wa vita huko Uingereza, vioo vya ndege vya plastiki viliwapasukia vipande vikabaki machoni na jicho halikuvikataa, daktari Harold Ridley akaona akaweka lenzi ya kwanza London mwaka 1949.

Sasa nikwambie kazi yenyewe iko wapi, maana mimi nilidhani wakifungua bandeji tumemaliza. Baraka ana miaka 6, ubongo wake bado unajifunza kuona, na jicho lililokaa gizani linasahauliwa, linakuwa vivu hata likiwa limetengenezwa vizuri. Ndo maana kila siku inayopita ina hasara kuliko kwa mtu mzima. Baada ya oparesheni tulikuwa tunaziba lile jicho ZIMA kwa plasta masaa kadhaa kila siku ili bovu lifanye kazi, na miwani juu kwa sababu lenzi ya bandia haiwezi kujivuta kuona karibu na mbali kama ya asili. Alikuwa analia, anabandua, anajigonga mlangoni, mimi nakaa naye tunachambua mchele aokote mawe kwa jicho lile moja. Karibu mwaka mzima hivyo. Sasa anasoma ubaoni, sio sawa na jicho lingine lakini anasoma.

Kliniki usikose hata moja, ndani panaweza kufunga utando tena au presha ya jicho ikapanda, na likiwa jekundu au akilalamika linauma unaondoka siku hiyohiyo.

Panda basi la asubuhi Jumapili, mtalala kwangu, nauli ikipungua niambie nitume leo. Chukua na ile karatasi waliyokupa mara ya kwanza.

Wako, Mama Amani