Wazazi wasizidharau katuni hizi

Mhariri,

Vijana wengi wa Mombasa hutazama katuni za Kijapani, nasi wazazi huzipuuza tukidhani ni mchezo wa watoto wadogo. Nimeitazama Oshi no Ko, iliyoanza kurushwa mwaka 2023, pamoja na binti yangu, na sehemu iliyonichoma moyo ni ya Akane, mwigizaji chipukizi ambaye, baada ya kumkwaruza mwenzake usoni bila kukusudia katika kipindi cha kutafuta wachumba mbele ya kamera, anatukanwa mtandaoni hadi anakaribia kujiua. Matusi kama hayo huwaangukia pia wasichana wetu wa Pwani wanaoimba na kuigiza. Nawasihi wazazi wenzangu waitazame na vijana wao, kisha wawaulize ni maneno gani huwaandikia wasanii.

Mzazi,
Likoni, Mombasa