Barua ya wazi kwa mama na baba wa ubatizo: kabla hujanunua zawadi ya binti yako

Wanangu, Tumsifu Yesu Kristu.

Nawaandikia ninyi mliowasimamia watoto wa kike wa wenzenu kwenye kisima cha ubatizo, hasa ninyi vijana mnaofanya kazi mjini na kutuma zawadi kwa bodaboda. Siku ya kuzaliwa ya mtoto ikikaribia mnanipigia na swali lile lile: bibi, nimnunulie nini? Nimeona niwajibu wote kwa mara moja, na mtu akikwaruzwa na neno humu asidhani limeandikwa kwa ajili yake peke yake.

Kwanza, mpigie mama wa mtoto. Usianze na duka, wala usianze na picha za bidhaa kwenye simu. Uliza mtoto anapenda nini siku hizi, ana nini tayari, na wazazi wamemwahidi nini. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Baba amesema tangu Pasaka kwamba Desemba atanunua baiskeli, anaweka kidogo kidogo, halafu wewe unaishusha kwenye bajaji mbele ya wageni, mshereheshaji anakutaja jina kwenye maiki, mtoto anaruka ruka, na baba wa watu anacheka jino pembe. Hujamsaidia mtu pale. Zawadi kubwa ya mtoto waachie wazazi wake, au watafute pembeni mchange, na mtoto aambiwe imetoka kwa baba na mama.

Kanuni ya 872 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kazi ya msimamizi ni kumsaidia mbatizwa aishi maisha ya Kikristo kama inavyostahili. Kanuni ya 874 inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki mwenye Kipaimara na Ekaristi, na anayeishi imani yake. Nimezisoma mara nyingi na sijaona mahali panapouliza una kipato gani. Nawaambia hivi kwa sababu wapo wanaokwepa nyumba ya mtoto mwaka mzima kwa kuona haya kwamba hawana kitu cha kupeleka. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Jambo la pili ni la wale watoto wengine wa nyumba ile. Unafika na mfuko mmoja mzuri wenye utepe, na mlangoni wamesimama watoto wanne wanaokula sinia moja. Mmoja anapewa, watatu wanameza mate. Usiku ule ule zawadi inafichwa juu ya kabati ili isivunjwe na wivu, na mtoto hachezi nayo tena mpaka inaliwa na vumbi. Kwa hiyo beba cha binti yako, na pembeni beba cha kuchezwa na wote: kamba ya kuruka, au mpira mdogo wa rede. Rede inataka watoto watatu angalau. Wawili wanasimama huku na huku wakirusha mpira, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa kwa viganja, na akipigwa anatoka. Mtoto mwenye mpira wa rede ana rafiki mtaa mzima kabla jua halijazama. Hata bao linafaa kwa wakubwa kidogo, mashimo yake 32 na kete 64, na babu naye anapata mtu wa kumfunga.

Kwa mdogo wa chini ya miaka mitatu niwe mkali kidogo. Chochote kinachoweza kuenea mdomoni mwake, atakitia mdomoni. Viwanasesere vinavyoimba, vitabu vya kubonyeza sauti, saa za rangi rangi za barabarani, vingi vina betri ya duara, nyembamba kama kifungo cha koti. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye koo, inaweza kuunguza nyama ya ndani vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Kigeuze kitu chenyewe palepale dukani, utazame mfuniko wa betri. Kama unafunguka kwa ukucha bila skrubu, kirudishe, hata kama kinaimba vizuri kuliko kwaya yetu. Mimi wadogo huwa nawashonea mwanasesere wa vipande vya kitenge, macho ya kudarizi na si ya vifungo, nywele za uzi mweusi zilizosukwa twende kilioni. Fundi yeyote wa mtaani mwenye cherehani atakushonea. Hawa wanasesere wenye nywele za njano sina ugomvi nao, ila sioni kwa nini wawe ndio peke yao wanaolala kitandani na mtoto wa Kinondoni.

Nguo ni zawadi nzuri na wazazi wengi wataishukuru kuliko mdoli. Nunua inayomzidi kidogo. Viatu usikisie kwa umri. Mwambie mama amsimamishe mtoto chini, akate ujiti urefu wa unyayo kuanzia kisigino mpaka kidole kirefu, akupe ujiti wenyewe. Dukani uingize ndani ya kiatu: pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Viatu vya kubana vinavyovaliwa kwa adabu siku ya sherehe, Jumatatu havionekani tena.

Sasa kuanzia miaka sita, saba, mambo yanabadilika. Kanisa lenyewe, kanuni ya 97, linamhesabu aliyetimiza miaka saba kuwa ana matumizi ya akili. Basi muulize yeye. Mpe vitu viwili achague, usimpe duka zima. Hapo vitabu vina nafasi yake, na visiwe vya shule, maana hivyo ni deni la wazazi. Hadithi za Kiswahili za watoto zipo. Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wamekuwa wakichapa tangu 1991, na wapo wengine. Kisome wewe kwanza. Ukisinzia ukurasa wa tatu, naye atasinzia. Andika jina lake na tarehe ukurasa wa mbele kwa kalamu ya wino, kisha ukae naye msome sura ya kwanza siku hiyo hiyo, keki ikiwa bado mezani. Kama uko Dar, mpeleke Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, umwandikishe upande wa watoto. Mikoani nako maktaba za mkoa zipo. Ila kumwandikisha bila kumpeleka tena ni sawa na kutomwandikisha.

Mmeniuliza pia habari za kumwekea akiba. Vizuri sana. Benki kadhaa zina akaunti za watoto, na UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, wana Mfuko wa Watoto tangu 2008, ambako unanunua vipande, yaani sehemu za mfuko, kwa jina la mtoto. Zungumza na wazazi, kwa sababu karatasi zitawahitaji. Lakini mtoto wa miaka sita hachezi na kipande. Weka akiba, na mkononi umtie hata penseli za rangi.

Walio na binti kijijini, nawapendekezea akiba yenye miguu. Binti mmoja niliyemsimamia nilimpa tetea wa kienyeji, mwekundu, mwenye kishungi. Kuku alipoatamia, yule mtoto alichora mistari ya mkaa kwenye ukuta wa jiko, mstari mmoja kila asubuhi, maana alikuwa ameambiwa vifaranga hutoka siku ya 21. Mama yake alilalamikia ukuta. Mtaalamu wa mifugo alipopita na chanjo ya mdondo, ile ya tone moja la jicho linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu, mtoto ndiye aliyemshika kuku mabawa, akimsemesha asiogope. Kwa bei ya keki ya kati alijifunza kuhesabu, kusubiri, na kuzika pia, kwa sababu kipanga hakuona sababu ya kuheshimu siku ya kuzaliwa ya mtu. Mwenye uwezo atoe mtamba wa mbuzi. Ila hakikisha kwanza kuna banda na kuna mtu wa kukata majani, usije ukampa mama wa mtoto kibarua.

Kuhusu simu na tableti sina mengi: huo ni uamuzi wa wazazi, si wako. Vipodozi kwa mtoto wa darasa la pili, hapana. Hereni za dhahabu, mpe mama azitunze. Watoto wameshawahi kuchanwa masikio barabarani kwa ajili yake.

Na rozari? Mpe moja, ya punje 59 imara za mbao, umfundishe kuishika. Lakini kuna mtoto namjua ana rozari nne na hana raba za shule. Sisi wasimamizi tuna siku mbili nyingine ambazo hakuna mwingine anayezikumbuka: siku aliyobatizwa, na siku ya somo wake, yaani mtakatifu wa jina lake. Kama ni Agnes ni tarehe 21 Januari, Bakhita ni 8 Februari, Monika ni 27 Agosti, Tereza wa Mtoto Yesu ni 1 Oktoba, Sesilia ni 22 Novemba. Ule mshumaa wake wa ubatizo uliowashwa kutoka kwenye Mshumaa wa Pasaka upo kwenye kabati fulani ndani ya nyumba ile, umezungushiwa gazeti. Omba utolewe, uuwashe naye kwa dakika chache, umsimulie yeye alivyolia wakati padri alipommwagia maji. Watoto hawachoki kusikia habari zao wenyewe.

Usiye na kitu mfukoni mpe siku moja. Pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, mahindi ya kuchoma, mkono wako ameushika. Aliye na nauli amchukue kwa treni ya SGR, ile ya umeme ya reli mpya, iliyoanza 2024, mwende Morogoro asubuhi mrudi jioni, akae dirishani. Atakuuliza maswali ambayo mama yake hajawahi kuulizwa, na utajua cha kumnunulia mwaka ujao bila kunipigia mimi.

Wewe uliyeniambia juzi kwamba hujamwona binti yako tangu ubatizo, na kwamba unatafuta zawadi ya kufidia: hakuna inayouzwa. Usitume kitu kwa bodaboda. Nenda Jumapili hii baada ya misa ya pili, mikono mitupu kama ndivyo ilivyo, uwasalimie wazazi, ukae. Ukishakunywa chai, uliza anavaa viatu namba ngapi.

Ni mimi bibi yenu wa WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania.